Wauza samaki wa mapambo, mnatuuzia majitu mnayaita mapambo!

Wakuu, nimevumilia sana lakini leo lazima niseme. Mwenye moyo mwepesi apite tu.

Asubuhi hii nimeamka kwenda kuwalisha samaki, nakuta mkia mwekundu unachezacheza mdomoni mwa samaki mwingine. Kambare wangu mkubwa, aina ya mkia mwekundu (redtail catfish), urefu wa dhiraa nzima, alikuwa ameanza kummeza mwenzake kwa kutanguliza kichwa, akafika nusu akakwama. Mnaowajua kambare mshaelewa. Wana miiba kwenye mapezi ya kifuani, na akibanwa anaitanua, inajifunga kama komeo. Haiingii, haitoki. Mmezaji mashavu yamevimba, matamvua yanapiga kwa shida, mmezwa kashakufa. Nimemtoa majini nikamfunika taulo lililolowa, nikajaribu kuibonyeza ile miiba irudi, nimechanika kidole na haikusaidia kitu. Saa tatu nina mizoga miwili sakafuni.

Sasa nirudi nyuma. Niliwanunua watatu, kila mmoja hazidi kidole cha kati. Wazuri jamani! Mgongo mweusi, tumbo jeupe, kamkia kekundu, na sharubu wanazipeperusha kama wazee wa baraza. Nikamuuliza muuzaji swali moja tu: hawa wanafika wapi? Jibu lake silisahau: "Usiwe na wasiwasi, samaki hukua kwa kufuata tangi."

Kufuata tangi!

Huyu ni kambare wa mito ya Amazon na Orinoco. Anapita mita moja, na wameshavuliwa wenye zaidi ya kilo 50. Tangi langu lina urefu wa sentimita 150, upana 50, kina 50. Piga hesabu, lita 375, na hapo sijatoa mchanga na mawe. Samaki wa mita moja hata kugeuka humo hawezi, maana upana wenyewe ni nusu yake. Watatu je? Muuzaji aliliona tangi, vipimo nilimpa mwenyewe, akanifungia watatu kwenye mfuko akitabasamu.

Kilichopo ni kwamba samaki aliyebanwa kwenye maji yaliyochoka hudumaa, anapinda mgongo, anakufa kabla ya wakati wake. Mtoto akinyimwa chakula akabaki mfupi, utasema amekua kwa kufuata nyumba? Na kwangu walidumaa kwa kupishana: mmoja alikuwa mbabe wa chakula akawaacha wenzake mbali. Kwa hiyo ule ushauri mwingine niliopewa na wataalamu wa mtandaoni, kwamba "nunua wa ukubwa mmoja hawatakulana", ulidumu miezi michache tu. Kambare huyu anapima kwa mdomo. Kinachoingia ni chakula, awe ndugu, awe jiwe. Mawe nimeyakuta ameyatapika mara mbili. Hita, ile ya umeme ya kupasha maji joto, aliivunja kwa mkia, bahati nzuri mkono wangu haukuwa majini.

Maji nayo sitaki hata kuyasema. Mlo mmoja wa majitu matatu, amonia, ile sumu ya uchafu wao, inapanda, filta inalemewa, maji yananuka. Nilikuwa nabadilisha nusu ya tangi mara mbili kwa wiki, ndoo kwa ndoo, mgongo wangu shahidi. Na dawa za samaki usizimwage kiholela, kambare hawa hawana magamba, dawa inawaunguza upesi kuliko wengine.

Halafu kuna yule wanayemuuza kwa jina la "papa". Wakuu, si papa yule! Ni kambare wa Mekong na Chao Phraya, ndiye huyohuyo anayefugwa Vietnam kwa ajili ya minofu, naye anapita mita moja. Mwoga kupindukia, mlango ukigongwa tu anajirusha kwenye kioo mpaka pua inachubuka. Peke yake anahangaika, anataka kundi. Sasa kundi la samaki wa mita moja utaliweka wapi, bafuni? Nilikaribia kuuziwa watano. Niliokolewa na kuishiwa hela.

Na nyie mnaojibu kila uzi "weka kambare, watasafisha tangi", mkome. Wapo kambare wadogo wapole, wa sentimita 5 au 6, hao ukiwaweka sita pamoja wanafurahi kabisa. Lakini mgeni akiuliza hamtaji aina, mnasema kambare tu, naye anaenda kununua simba.

Amebaki mmoja. Yuko kwenye kona nyuma ya filta, hajagusa chakula tangu asubuhi, sharubu kazilaza. Anakaribia sentimita 40 na bado ni mtoto.

Atakayeandika "mtupe mtoni" asijisumbue. Samaki wa Amazon hana kazi kwenye mto wa watu, akikosa kufa kwa baridi atakula kila anachokikuta. Naomba mwenye bwawa kubwa la maji ya vuguvugu, lenye filta ya maana na lisilo na samaki wa kumtosha mdomoni, anitumie ujumbe. Simuuzi, namtoa bure. Na tangi achukue.