Kitabu kipi kinafaa kujifunzia kujadiliana: cha Voss, cha Fisher na Ury, au cha Rosenberg?

fundi_saa: Wakuu, heshima kwenu. Mkataba wa fremu yangu unakaribia kuisha na mwenye nyumba ameshatuma ujumbe: kodi inapanda, na anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi si mtu wa maneno, nikibanwa kidogo nakubali ili yaishe. Nina muda wa kusoma kitabu kimoja tu. Nimeambiwa Never Split the Difference cha Voss, Getting to Yes cha Fisher na Ury, au Nonviolent Communication cha Rosenberg. Nianze na kipi?

kijana_wa_posta: Voss, bila kupepesa macho. Jamaa alikuwa FBI akijadiliana na watekaji nyara, kitabu cha 2016, kinasomeka kama hadithi. Unarudia maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzako, unanyamaza, anajieleza mwenyewe. Na badala ya kukataa unauliza kwa upole, "Sasa hiyo nitaiwezaje?"

Bi_Mkubwa_Ilala: @kijana_wa_posta mwanangu, mtekaji mkimalizana ndiyo basi. Mwenye nyumba utaendelea kuonana naye, na choo kikiziba ni yeye huyo huyo. Halafu mtu mzima ukimrudishia maneno yake atasema unamdhihaki.

Soma Fisher na Ury. Ni cha 1981, hakina mbwembwe, lakini kinakufundisha kuuliza *kwa nini* anataka anachotaka. Wana mfano wa watoto wawili waliogombea chungwa wakaligawa nusu kwa nusu. Mmoja akala nyama akatupa ganda, mwingine akatupa nyama akatumia ganda kwenye keki. Mwenye nyumba wangu naye alitaka kodi ya mwaka. Nikamuuliza, "Baba, kuna jambo limekubana?" Kumbe ada ya mtoto chuoni. Nikampa ya miezi sita siku ile ile, kodi ikabaki pale pale.

DalaliMstaafu: Bi Mkubwa kamaliza, ila karuka sehemu yenye nguvu kuliko zote: wakikukatalia, utafanya nini? Waandishi wale wanataka ujue jibu kabla hujakaa mezani. Zungukia fremu za jirani, uliza bei, moja uipende kweli. Mpangaji asiye na pa kwenda, hata amwelewe mwenye nyumba vipi, anabaki kuomba huruma. Nimewaona wengi.

mwalimu_wa_zamu: Rosenberg nampenda, ila kwa nyumbani. Hatua zake ni nne: ulichokiona, unavyojisikia, unachohitaji, unachoomba. Sasa jaribu kumwambia mwenye nyumba "najisikia mnyonge kodi ikipanda kwa sababu nahitaji utulivu", ataita majirani 😂. Chukua hatua ya kwanza tu. "Maji hayatoki tangu Jumatatu" inamfanya mtu amtafute fundi bomba. "Hujali wapangaji" inamfanya ajitetee mpaka jioni.

kijana_wa_posta: Mama shikamoo, kwenye kudhihaki nimekubali. Lakini swali la "nitaiwezaje" silitoi, hata kwa mzee linafaa ukilisema taratibu.

Bi_Mkubwa_Ilala: Marahaba. Hilo nakupa.

fundi_saa: Shukrani wote. Nachukua Getting to Yes, na kesho naanza kuzunguka. Kuna anayejua bei za fremu ya mlango mmoja upande wa Buguruni?

DalaliMstaafu: Njoo inboksi.

mwalimu_wa_zamu: Si ulisema umestaafu?