Naombeni ushauri: matone ya presha ya macho, BD au mara moja?

Furu wa Kirumba: Wakuu, nipo Mwanza, najitolea kliniki ya macho. Cheti kimeandikwa timololi 0.5%, macho yote, BD. Mgonjwa anataka aweke yote kwa mkupuo mmoja asubuhi. Nimruhusu? Nina haraka.

Bi Nyegezi: BD ni mara mbili, kila baada ya saa 12. Jicho halibebi hata tone moja zima, linalozidi linaishia shavuni. Huo mkupuo ataunyweshea mashavu.

Dagaa Mkavu: Mimi yangu yalipona kwa maji ya ziwa.

Bi Nyegezi: Ukipata kichocho usije kufungua uzi.

Mzee wa Sengerema: Marehemu baba alikuwa na presha hiyo. Akijisikia vizuri anaacha dawa. Ikamla kuanzia pembeni, tukashtuka alipoanza kugonga miimo ya milango. Kilichopotea hakikurudi. Vijana someni!

Nesi Mstaafu: Furu, habari ya masaa tuiache kwanza. Mgonjwa ana pumu?

Furu wa Kirumba: Shikamoo mama. Kidogo tu, anabanwa kipindi cha baridi.

Nesi Mstaafu: Marahaba. Pumu kidogo ndiyo ipi? Tone linapita kitundu cha pembe ya jicho, linashuka puani, linaingia kwenye damu, kifua kinabana. Aliyemwandikia anajua?

Furu wa Kirumba: Cheti ni cha jirani yake. Ila ugonjwa ni uleule, kifuniko njano kilekile! Na nimemwelekeza kwa simu abane pembe ya jicho dakika mbili.

Nesi Mstaafu: Kubana kunapunguza, hakuzuii. Asiweke. Apimwe yeye mwenyewe. Zipo nyingine, mfano latanoprosti, tone moja usiku, lakini anaandika daktari, si wewe.

Dagaa Mkavu: Ngoja. Mara mgonjwa wa kliniki, mara jirani, mara kwa simu. Chai hii wakuu, tena ya tangawizi.

Mzee wa Sengerema: Swali la mtihani hili. Mnamfanyia kijana homuweki.

Furu wa Kirumba: Si chai! Ni shangazi yangu, yuko Nansio. Chupa nimempa mtu wa meli leo asubuhi. Nauli ya kumleta mjini mtatoa nyie?

Dagaa Mkavu: Weka picha ya chupa.

Nesi Mstaafu: Chai au si chai, mpigie shangazi sasa hivi.

Bi Nyegezi: Na huyo wa meli arudi nayo. Jirani mmemwachia nini?