MJADALA: Davis Cup ichezewe nyumbani hadi ngazi zetu za chini, au tuendelee kukusanywa nchi moja kwa wiki moja?

Mkongwe wa Ngong Road (mwanzilishi wa mada)

Hamjambo wadau.

Italia wametwaa Davis Cup kwa mara ya tatu mfululizo, Bologna, Novemba 2025, baada ya kuwalaza Uhispania 2-0. Mastaa wao, Sinner na Musetti, hawakucheza, na kwa Wahispania staa wao Alcaraz alijitoa kwa jeraha. Tangu hapo kila nikikaa na watu wa tenisi hapa mjini nasikia wimbo mmoja: kombe limekufa, mastaa hawalitaki. Aliyetazama nusu fainali hasemi hivyo. Flavio Cobolli alimtoa Zizou Bergs wa Ubelgiji kwa taibreki (pointi za kuamua seti) ya 17-15 katika seti ya tatu, baada ya kuokoa pointi saba za mechi, yaani mara saba alibakiza pointi moja tu atolewe. Kijana hakuwamo kwenye kumi bora za dunia. Alikuwa nyumbani tu, na watu wake walikuwa nyuma yake.

Na hapo ndipo penye mada yangu. Kwa wasiofuatilia: mashindano haya ya timu za wanaume za mataifa yalianza 1900 mjini Boston, Marekani dhidi ya Visiwa vya Uingereza, kombe likitolewa na Dwight Davis, mwanafunzi wa Harvard. Kwa zaidi ya miaka mia moja msingi wake ulikuwa mwenyeji na mgeni. Mwenyeji ndiye anayechagua uwanja: udongo, nyasi au sakafu ngumu. Mgeni anakuja anavumilia. Agosti 2018, kwenye mkutano wa Shirikisho la Tenisi Duniani kule Orlando, asilimia 71 na ushee ya kura iliuvunja mpango huo. Kampuni ya Kosmos, ya yule beki wa soka Gerard Piqué, iliahidi dola bilioni 3 kwa miaka 25. Mwaka 2019 mataifa 18 yakarundikwa Madrid, na pambano la Marekani na Italia likaisha saa kumi na dakika nne alfajiri. Alfajiri! Januari 2023 mkataba ukavunjika, bilioni zote zikabaki hadithi.

Sasa angalieni kilichofuata. Kuanzia 2025 raundi za mchujo zote mbili zimerudi nyumbani na ugenini, na ni timu nane za mwisho tu zinazokutana mahali pamoja. Kundi la Kwanza na la Pili la Dunia, ngazi zinazofuata chini yao, nao wanatembeleana. Ukishuka chini ya hapo, kwetu Afrika, Kundi la Tatu na la Nne, mnakusanywa nchi moja, mnacheza siku chache mfululizo, kila pambano lina mechi tatu, mnarudi kwenu. Kijana wa Kenya anaweza kuvaa jezi ya taifa miaka yote ya ujana wake bila mama yake kumwona akiivaa, labda bahati ituangukie tuwe wenyeji. Ilituangukia kabla ya korona, mechi zikachezewa Nairobi Club, na waliokuwepo wanajua nafasi ya kukaa ilikuwa ya kugombania.

Hoja yangu: kila taifa la Kundi la Tatu lihakikishiwe walau pambano moja la nyumbani kwa mwaka. Mkumbuke Harare, Februari 2000. Marekani walikuja na Agassi, namba moja wa dunia, na John McEnroe kama nahodha. Ndugu wawili wa Zimbabwe, Byron na Wayne Black, wakawakokota hadi mechi ya tano na ya mwisho. Marekani walipona 3-2, na mwokozi wao akawa Chris Woodruff. Pambano kama hilo halinunuliwi kwa matangazo.

Karibuni. Matusi hapana.

Hesabu Kwanza

Mkongwe, shikamoo. Umeandika vizuri lakini umeruka ukurasa wa pesa.

Timu ni wachezaji wanne au watano, nahodha, na ukibahatika daktari wa viungo. Kuwatoa Nairobi kwenda Cotonou au Antananarivo kwa ndege si mchezo, na ndani ya Afrika mara nyingi unazungushwa kwa miji miwili kabla ya kufika. Kwa mpango wa sasa ukishalipa tiketi hiyo moja unapata mapambano manne au matano. Kwa mpango wako nalipa tiketi ile ile, napata pambano moja. Shirikisho lisilo na pesa litafanya nini? Halitasafiri. Litatoa pambano bure, na huyo kijana unayemlilia atakaa nyumbani kweli kweli, mbele ya mama yake, akitazama runinga.

Halafu mfano wa Zimbabwe unakukata mwenyewe. Miaka miwili kabla ya Harare, 1998, Zimbabwe hao hao waliifunga Australia 3-2 kule Mildura, kwao Australia. Walikuwa na wachezaji. Mwenye wachezaji hushinda popote, asiye nao atafungwa hata sebuleni kwake.

Mtu wa Mbio

Hiyo pesa yote ipelekwe Iten kwa wakimbiaji, tunajua inarudi na medali. Nimemaliza.

Mkongwe wa Ngong Road

@Mtu wa Mbio, karibu chai.

@Hesabu Kwanza, marahaba. Kuhusu pesa, sijasema wiki ya pamoja ifutwe. Ibaki, na juu yake liongezwe pambano moja la jirani kwa jirani: Uganda, Rwanda, Tanzania, Ethiopia. Kampala unaenda kwa basi la usiku. Mashirikisho makubwa yanayoingiza mamilioni kwenye mashindano makuu manne, kama Wimbledon, yachangie nauli. Wao ndio wenye kura kumi na mbili kila mmoja kwenye mkutano mkuu wakati mataifa madogo yana kura moja moja, kwa hiyo ukubwa wakiupenda kwenye kura waupende na kwenye bili.

Kuhusu kushinda popote, wewe unazungumza juu ya wachezaji waliokwisha kuiva. Sisi tunataka kuwaivisha. Na kuna kitu tunacho ambacho hatukitumii: urefu wa mji huu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unapaa. Kanuni za tenisi zenyewe zinaruhusu mpira wa aina yake kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Mgeni kutoka pwani, siku mbili za kwanza mipira yake yote inatoka nje nyuma ya mstari, anaanza kuuangalia uwanja kana kwamba amewekewa dawa. Wabolivia na Wakolombia wamekula vizuri sana kwa hewa yao. Sisi tunaitumia kwa wakimbiaji peke yao.

Binti wa Jericho

Nimesoma neno nyumbani hapa hadi nimechoka. Nyumbani kwa nani, mzee wangu?

Nairobi Club, Parklands, Karen, Gymkhana, Impala. Hayo ndiyo makao ya tenisi ya mji huu na yote ni klabu za wanachama. Niwaeleze jinsi mtu wa Eastlands, huku kwetu Jericho, anavyofika "nyumbani" huko. Unashuka matatu, unatembea kando ya ukuta ulio na maua juu. Getini askari anakuangalia viatu kwanza, uso baadaye. Kitambulisho. Unamwona nani? Mwanachama namba ngapi? Ukisema umekuja kutazama tenisi anakuuliza nani amekualika. Ukiingia, mkahawani pesa taslimu haitakiwi, mpaka mwanachama atie sahihi. Kwa hiyo unakaa juani bila hata soda, unaishangilia nchi yako kwa sauti ya chini maana mwenyewe wa meza ya pembeni anasoma gazeti.

Kaka yangu aliokota mipira kwenye klabu moja ya mji huu, silitaji jina, kwa miaka. Alijifunza kucheza jioni wanachama wakishaondoka, kwa raketi iliyokatika nyuzi mbili, kabla taa hazijazimwa. Alikuwa mzuri. Kocha alimkubali. Siku aliyoomba kufanya mazoezi asubuhi kama mchezaji aliambiwa muda huo ni wa wanachama. Sasa anauza vipuri vya pikipiki, na hana kinyongo kama mimi.

Mnataka pambano la nyumbani? Mimi ninalitaka pia. Lakini likiletwa ndani ya kuta zile zile litakuwa sherehe ya watu mia mbili wanaojuana.

Kocha Mstaafu

Binti, umeongea. Mimi nimefundisha ndani ya hizo klabu na sitazitetea sana, ila nitasema hili: bila wao pasingekuwa na uwanja hata mmoja wa udongo unaofaa. Watu hawajui kazi ya udongo. Asubuhi saa kumi na mbili kuna mtu anaumwagia maji, anausawazisha kwa roli, anaupiga brashi mistari. Mvua ya Aprili ikikaa siku tatu unaanza upya. Uwanja wa kaunti ukiachwa bila mtu huyo, mwaka mmoja tu unageuka njia ya mbuzi. Kwa hiyo anayesema tukachezee kwa umma aseme pia nani atalipwa mshahara wa kuumwagia maji.

Sasa kuhusu mada. Ninyi nyote mnaitazama Davis Cup kama mlango. Kwa mchezaji ni paa. Haitoi pointi za orodha ya wachezaji duniani tangu 2016. Kijana akicheza wiki nzima ya Kundi la Tatu anarudi na heshima, posho kidogo na pointi sifuri. Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, akashinda mataji matatu ya wawili wawili kwenye mzunguko wa kulipwa, na hakufika huko kwa Davis Cup. Alifika kwa kucheza wiki baada ya wiki, nchi baada ya nchi. Hao ndugu Black mnaowataja, baba yao aliwatengenezea viwanja vya nyasi shambani kwao nje ya Harare. Uwanja ulikuwa mlangoni. Angella Okutoyi aliposhinda wawili wawili kwa wasichana Wimbledon 2022, akiwa wa kwanza kutoka Kenya kuchukua taji la mashindano makuu ya vijana, nyuma yake palikuwa na miaka ya kusafiri kwenye mashindano.

Nipe mashindano manne ya kulipwa ya ngazi ya chini hapa Nairobi kila mwaka, yenye pointi, wachezaji wetu wapewe nafasi za upendeleo. Davis Cup ichezewe hata mwezini, sijali.

Hesabu Kwanza

Kocha, hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Na gharama inakadirika.

Mkongwe wa Ngong Road

Kocha, heshima yako. Lakini hayo mashindano ya pointi tumeshayaona yakifanyika hapa. Nani alienda kutazama? Wazazi, makocha na mbwa wa klabu. Mjerumani wa nafasi ya 600 anacheza na Mfaransa wa nafasi ya 540, mtu wa Jericho aache kibanda chake aje kuona nini? Mtu anakuja kuona KENYA imeandikwa mgongoni. Mwaka 1974 India walifika fainali wakakataa kucheza na Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na hadi leo uamuzi huo wanaulipia kwa kulikosa kombe. Taji la Afrika Kusini ndilo pekee la bara hili na lilipatikana bila mpira kupigwa fainalini. Mashindano ya kawaida ya pointi hayafikishi mtu kwenye uamuzi kama huo. Hapa nchi ndiyo inayocheza, na ndiyo maana swali la Binti limenigusa kuliko la pesa.

Kwa hiyo naongeza sharti kwenye hoja yangu. Pambano la nyumbani lichezewe mahali ambapo mtu anashuka matatu akalipa kiingilio kidogo akaingia. Sakafu ngumu, si udongo, ili Kocha asitudai mtu wa maji. Ukumbi wa ndani wa Kasarani unaweza kutandikwa sakafu ya muda, wenzetu duniani wanafanya hivyo kila mwaka. Hewa nyepesi na sakafu ya haraka, wenye servisi kubwa watatupenda.

Kocha Mstaafu

Sakafu ya muda inakodishwa, mzee. Uliza bei kabla ya kuitandika hapa. Na ukipata sakafu ya haraka utamtafuta wapi huyo mwenye servisi kubwa? Vijana wetu wamekulia kwenye udongo. Utakuwa umemtengenezea mgeni nyumba.

Mtu wa Mbio

😂 Iten, jamani. Iten.

Binti wa Jericho

Kocha na Mkongwe, mnabishana sakafu na mimi naona mmelikwepa la geti. Sihitaji Kasarani ya siku mbili. Klabu hizo hizo ziwe na sharti: ukitaka kuandaa pambano la taifa, viwanja vyako viwili viwe wazi kwa watoto wa nje siku tatu kwa wiki, mwaka mzima kabla ya pambano, na waokota mipira wapewe saa zao za asubuhi kwa maandishi. Shirikisho likague. Klabu isiyotaka isipewe jezi ya taifa kuipamba siku ya pambano.

Hesabu Kwanza, hilo nalo piga hesabu uniambie linagharimu shilingi ngapi.

Hesabu Kwanza

Dada, kwa shilingi haligharimu kitu kikubwa. Kwa wanachama wenye saa zao za asubuhi, hapo ndipo kazi iko. Nani ataenda kuwaambia?