ETI SECRETARIAT NI OFISI! Na akala chipsi zangu!

Wanakijiji, nimetoka uwanja wa farasi pale Ngong Road sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule wa kofia pana na darubini ya kutafutia meli Mombasa.

Nilikuwa nawaeleza vijana kwa upole tu kwamba mabingwa wa zamani walikimbia, hawa wa siku hizi wanabembelezwa. Nikamtaja Secretariat, yule farasi bingwa wa Marekani. Huyo mtu akanyoosha mkono, akachota chipsi tatu kwenye sahani YANGU, pamoja na ile ndefu niliyokuwa nimeitunza ya mwisho, akatafuna, akameza, ndipo akasema: "Secretariat ni ofisi ya serikali, mzee. Iko orofa ya ngapi?"

Meza nzima ikacheka. Mhudumu akacheka. Farasi namba nne alicheka, nilimwona kwa macho yangu.

Orofa ya ngapi! Mnyama aliyeshinda mbio za Belmont za 1973 kwa urefu wa farasi 31, maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24, na mpaka leo hakuna aliyeivunja rekodi hiyo ya Belmont! Farasi mwingine, Citation, mwaka 1948 peke yake, aliingia mbioni mara 20 na kushinda 19. Farasi Justify kabeba mataji yote matatu ya Marekani 2018, yaani Kentucky Derby, Preakness na Belmont, akastaafu akiwa amekimbia mara 6 maisha yake yote. Sita! Mimi nimepanda bodaboda mara sita tangu asubuhi.

Lakini eti ofisi. Huku anatafuna.

kobe_wa_rongai: Pole mzee. Ila swali halijajibiwa. Ni orofa ya ngapi?

mama_pili: Zamani ipi hiyo unayoililia? Kentucky Derby ya kwanza, 1875, alishinda Oliver Lewis, joki Mweusi, na siku hiyo majoki 13 kati ya 15 walikuwa Weusi. Isaac Murphy akaibeba mara 3. Halafu ubaguzi ukawafukuza mpaka wakawa hawaonekani kabisa uwanjani. Ukisimulia zamani, simulia yote. Na mia mbili yangu ya dau la mwezi jana iko wapi?

mwenye uzi: Mama Pili sijakataa, na mia mbili inakuja. Lakini ungemwona alivyotafuna. Polepole, kama ng'ombe aliyelipiwa.

daktari_wa_punda: Mnaita ubingwa, mimi naita mateso. Enzi za Eclipse, yule farasi bingwa wa zamani kule Uingereza, farasi alikimbizwa maili 4, akapumua kidogo, akarudishwa tena siku hiyo hiyo. Leo bingwa ana pesa nyingi zaidi akipandishwa kwa majike kuliko akihangaika uwanjani, nani atamvunja mguu bure? Farasi Sovereignty alishinda Kentucky Derby 2025, wenyewe wakairuka Preakness ya wiki mbili baadaye, wakampumzisha, akaja akachukua Belmont. Hiyo ni akili.

mwenye uzi: Belmont gani? Ya 2025 ilikimbiwa Saratoga, maili moja na robo! Imepunguzwa! Kama sahani yangu!

mama_pili: Chipsi tatu, baba. Tatu.

dere_wa_kangemi: Nyinyi mna bahati mnaona farasi. Uwanja ulikuwa kule Kariokor kabla ya kuhamia Ngong Road 1954, ndiyo maana tuna Race Course Road. Leo nimekwama hapo dakika arobaini. Mkokoteni wa viazi umenipita. Mara mbili.

kobe_wa_rongai: Viazi ndio ungevibeba. Umeona bei ya gunia?

daktari_wa_punda: Usiniambie bei ya gunia, uliza bei ya nyasi kavu.

mwenye uzi: Jamani, tulikuwa tunaongea kuhusu Secretariat.

mama_pili: Tuma mia mbili.

kobe_wa_rongai: Hebu ngoja. Dere, si wewe uliyenishusha Adams Jumanne na mvua ile ukasema gari limefika mwisho?

dere_wa_kangemi: Gari lilikuwa limefika. Wewe ndiye hukuwa umefika.