Nihame Firefox niende Atlas, au nibaki nilipo?

Mfasiri wa Mikataba:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mimi ni mfasiri wa mikataba na nyaraka za sheria, natumia MacBook, na kwa zaidi ya miaka kumi kivinjari changu kimekuwa Firefox. Tangu OpenAI ilipotoa ChatGPT Atlas, kivinjari chenye msaidizi wa akili bandia ndani yake, tarehe 21 Oktoba 2025, ikianza na watumiaji wa Mac, wenzangu kazini hawana wimbo mwingine. Nilimwona mmoja wao akisoma sheria ndefu na kuuliza pembeni mwa ukurasa uleule, bila kunakili wala kubandika, ni vifungu gani vinavyogongana. Kwa kazi yangu hilo si jambo dogo.

Yanayonizuia ni mawili. Firefox yangu imebeba alamisho za miaka yote hiyo, nyingi zikiwa za kamusi na hifadhi za istilahi, pamoja na uBlock Origin, kizuia matangazo nilichokizoea mno. Isitoshe, mikataba ninayoifungua ni siri za wateja. Naomba ushauri wa waliokwisha kuhama.

Fundi wa Ghorofani:
Tazama kwanza kilicho ndani. Atlas imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, Brave na Vivaldi, ambao Opera iliuhamia mwaka 2013 na Edge mwaka 2020. Kwa hiyo upya wake uko kwa msaidizi, si katika namna ya kufungua kurasa. Wewe unatoka kwenye Gecko, injini ya Firefox ya kufungulia kurasa, ambayo haitegemei Google wala Apple, na hilo peke yake lingenifanya nisite. Kuhusu uBlock Origin, Chrome imekwisha kuifungia mlango kwa kanuni zake mpya za viendelezi, yaani programu ndogo za nyongeza, ilhali Firefox bado inaipokea ikiwa kamili.

Babu Tarakilishi:
Sisi wa Mac tumepokea wageni wa namna hii mara nyingi. Safari ilipotangazwa Januari 2003 niliidharau, lakini Juni mwaka huohuo Microsoft ikasema haitaendeleza tena Internet Explorer ya Mac, nikahama kwa kulazimika. Chrome nayo ilianzia Windows mwaka 2008, nasi tukasubiri toleo thabiti hadi Mei 2010. Mara hiyo nilihama kwa pupa: nilifuta kivinjari cha zamani siku ileile, kabla sijahakikisha kwamba manenosiri yamehama, nikatumia wiki nzima kurejesha akaunti moja baada ya nyingine. Kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpe Atlas kazi halisi, lakini isiyo ya siri, kwa mwezi mmoja hivi, na Firefox usiiguse.

Binti Shangani:
Naona siri za wateja zimepitwa haraka, na kwangu ndiyo hoja yenyewe. Ili msaidizi akujibu kuhusu ukurasa, lazima yaliyomo yatoke kwenye kompyuta yako yafike kwenye seva za kampuni. OpenAI inasema kurasa unazozitembelea hazitumiki kufunza modeli zake mpaka uruhusu mwenyewe, kumbukumbu za kivinjari ni za hiari, na unaweza kumzuia msaidizi asione tovuti fulani. Hayo ni mazuri, lakini kutofunzia si sawa na kutopokea. Kifungu cha usiri katika makubaliano yako na mteja kinazungumzia kumpa mtu mwingine waraka, bila kujali anaufanyia nini.

Kuna jingine. Mwezi Agosti 2025 watafiti wa Brave walionyesha, kwa kutumia Comet, kivinjari kingine chenye msaidizi wa namna hii, jinsi maandishi yaliyopandwa ndani ya ukurasa yanavyoweza kumwamrisha msaidizi afanye jambo ambalo mwenye kompyuta hakuliomba. Wewe kazi yako ni kusoma nyaraka zilizoandikwa na upande wa pili, tena upande wenye maslahi yake.

Fundi wa Ghorofani:
Hapo nakubali, na mimi sikuliwaza. Ukiijaribu, basi usimwachie msaidizi atende kazi mwenyewe huku umeingia kwenye barua pepe yako. Ipo namna ya kumtumia bila kuingia kwenye akaunti zako.

Mfasiri wa Mikataba:
Nawashukuru nyote. Nimerudia makubaliano yangu na wateja wawili wakubwa: mmoja anakataza waziwazi kupitisha waraka kwa mtoa huduma yeyote asiyetajwa, mwingine hasemi lolote, na huyo nimemwandikia leo kumuuliza. Mpaka atakapojibu, Atlas nitaisomea sheria zilizokwisha kuchapishwa na kamusi tu, mikataba yote ibaki Firefox. Babu, manenosiri nimekwisha kuyawekea nakala.