Kikundi cha familia: nani aambiwe?

Shangazi: Wifi, ni kweli mmewaandikia shule kuhusu kifafa cha mtoto? Ana miaka 14. Hayo si ni kumtangaza?

Mama: Ni kweli, wifi. Juzi alianguka darasani. Wenzake wakambana mikono na miguu, mmoja akamtia rula mdomoni. Jino limemeguka. Waliobaki walikimbia povu.

Bibi: Maskini mjukuu wangu! Sisi tulikatazwa hata kumgusa aliyeanguka, eti utaambukizwa.

Mjomba: Hakiambukizi, mama. Si kwa mate, si kwa kula sahani moja. Ni chembe za ubongo zinatoa umeme kupita kiasi kwa muda mfupi. Mtu akianguka, ondoa vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimbane, usimtie chochote mdomoni. Mwili ukiacha kukakamaa, mlaze ubavu. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, mkimbizeni hospitali.

Shangazi: Hayo sibishi. Lakini dada yangu alivunjiwa uchumba watu walipojua. Nilikuwepo, nilimwona alivyolia. Simtakii mtoto huyu yale.

Mimi: Shikamooni wote. Nimesoma tangu mwanzo. Mnanijadili kama vile simo humu.

Bibi: Marahaba mama. Sema, tunakusikiliza.

Mimi: Mama, barua siikatai, ila ungeniuliza kwanza. Nimerudi shule nikakuta darasa zima linajua. Rafiki yangu ninayekaa naye nilitaka nimwambie kwa mdomo wangu. Sasa ananiuliza kwa nini nilimficha, na sina jibu.

Mama: Nisamehe mwanangu. Niliogopa, nikakimbilia kalamu.

Mimi: Na shangazi, kuna jambo sijamwambia mtu. Tulipolala nje kwa ziara ya shule, tulikuwa chumba kimoja wasichana wengi. Nilishindwa kumeza dawa mbele yao. Nikaruka usiku wa kwanza, nikaruka na wa pili, na usingizi wenyewe ulikuwa mchache. Niliporudi ndipo nikaanguka.

Shangazi: Ya Rabi. Kwa hiyo ni siri ndiyo iliyokuangusha.

Mjomba: Kuruka dawa na kukosa usingizi ni hatari sana kwa mwenye kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Dawa anazo. Kilichomshinda ni macho ya watu.

Kaka: Kuna mtoto wa Kanada, Cassidy Megan, naye aliona ni yeye peke yake mwenye kifafa. Mwaka 2008, akiwa na miaka 9, akaanzisha siku ya kuvaa zambarau, Machi 26. Tungeifanya shuleni kwenu!

Mimi: Hapana kaka. Sitaki kusimama mbele ya shule nzima. Nataka watu watatu waelewe vizuri: rafiki yangu, mwalimu wa darasa, na mwalimu wa kuogelea, maana majini lazima awepo wa kunitazama. Wengine nitawaambia nikiwa tayari.

Shangazi: Sawa mwanangu. Jumamosi nikija nifundishe hiyo ya kulaza ubavu. Dada yangu tulikuwa tunammwagia maji.

Mama: Kesho tutakwenda shule pamoja. Utaongea wewe.

Mimi: Nitaongea. Wewe kaa karibu yangu tu.