Datsun 240Z inachemsha barabara kuu: rejeta ya alumini, feni za umeme, au tatizo liko kwingine?

ZedYaBabu (Nairobi)
Wakuu salaam. Nina 240Z ya 1972 niliyorithi kwa babu. Injini yake ya asili ilishatolewa, ikawekwa L28, injini ya Datsun ya lita 2.8 yenye kabureta tatu za Weber. Mjini haina shida, hata kwenye foleni ya Thika Road sindano ya joto inatulia katikati. Shida ni barabara ya Mombasa. Nikipita Emali na mwendo wa kilometa 110 kwa saa, baada ya dakika kumi hivi sindano inagusa nyekundu. Nikishuka hadi 70 inarudi. Juzi nilisimama Mtito Andei, nikasikia maji yananguruma ndani ya rejeta, na roho iliniuma kweli. Hedi (kichwa cha injini) ya injini hii ni alumini juu ya bloku ya chuma, ikipinda ni balaa. Pesa niliyonayo inatosha kitu kimoja: rejeta kubwa ya alumini au feni mbili za umeme. Fundi aliyeitengeneza kabla yangu alitoa thermostati (vali inayofunguka maji yakipata joto) ili maji yapite vizuri. Nishaurini.

Fundi_Changamwe
Kaka, feni ziache kabisa. Ukienda 110 upepo wa barabarani unaishinda feni yoyote. Feni humsaidia anayechemsha kwenye foleni, na wewe kwenye foleni uko sawa. Thermostati irudishe, ya digrii 82. Bila hiyo presha ya maji kwenye hedi inashuka, na maji yanaanza kuchemka sehemu moja moja karibu na vali za egzosi.

BintiGereji (Arusha)
Mimi nasema rejeta, lakini si lazima mpya. L28 inatoa joto zaidi ya ile injini ya zamani, na rejeta ya miaka hamsini mara nyingi imeziba chini. Ipime hivi: injini ikipata moto izime, kisha pitisha kiganja taratibu mbele ya rejeta. Ukikuta sehemu ya baridi, mirija ya hapo haipitishi maji. Ya alumini ni nyepesi na inapoza vizuri, sikatai. Ila ikipasuka Voi usiku, nani atakuchomea? Ya shaba fundi yeyote wa rejeta anaiziba kwa risasi ukisubiri.

Angalia na kifuniko cha rejeta. Kwa mwinuko wa Nairobi maji ya wazi huchemka kwenye digrii 94 hivi, kwa hiyo presha ya kifuniko ndiyo inayokulinda. Spring ikichoka, umekwisha.

MzeeKabureta (Nairobi)
Kijana, hili gari si dhaifu kwa joto letu. Edgar Herrmann alishinda mbio za Safari Rally na 240Z mwaka 1971, Shekhar Mehta akashinda na gari la aina hiyohiyo 1973. Hebu tuangalie moto kabla ya maji.

Weber zako zilisetiwa wapi? Kama ni Nairobi, jeti (vitundu vya kupitisha petroli) zimepunguzwa kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Ukiteremka kuelekea Voi hewa inakuwa nzito, petroli inabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli kidogo kwa hewa nyingi) na injini inawaka moto kupita kiasi. Toa plagi uzitazame, zikiwa nyeupe mchanganyiko ni mkavu. La pili, ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu kwenye mwendo mrefu, cheche inatakiwa iwahi, na kazi hiyo hufanywa na vakyumu ya distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi), inayovutwa na hewa ya injini kwa kimpira. Wengi wakifunga Weber huikata. Cheche ikichelewa, moto unaishia kwenye egzosi na joto linahamia kwenye maji.

ZedYaBabu
Nimerudi. Plagi zote sita ni nyeupe kama chokaa. Kimpira cha vakyumu kimezibwa kwa skrubu, kama mzee alivyosema. Halafu nilimwomba ndugu yangu akanyage hadi mizunguko 4,000 kwa dakika huku mimi nikimulika chini: mpira wa chini wa rejeta ulinywea ukawa bapa, alipoachia ukajaa tena. Ndani hauna spring.

Fundi_Changamwe
Hapo pampu inavuta maji na rejeta haitoi. Badilisha mpira, weka wenye spring, lakini usiishie hapo. Ifungue rejeta.

BintiGereji
Ulipitisha kiganja?

ZedYaBabu
Ndiyo dada. Robo ya chini ilikuwa baridi. Imefunguliwa leo Kirinyaga Road, mirija ya chini imejaa kutu na tope jekundu, fundi akaisukuma kwa waya mmoja mmoja. Thermostati ya 82 imerudi, kifuniko kipya, vakyumu imeunganishwa kwenye manifodi na taiming (wakati wa cheche) imesetiwa upya. Jumamosi nilienda hadi Voi kwa 110. Sindano ilipanda kidogo baada ya Mtito Andei, ikakaa hapohapo mpaka nikafika. Plagi bado ni nyeupe kiasi. Mzee, niongeze jeti kubwa hatua moja au mbili?

MzeeKabureta
Moja kwanza. Nenda Voi tena, ukifika zima injini hapohapo utoe plagi, usiiache iungurume bure. Nataka rangi ya kahawia kama chai ya maziwa. Lete picha.